Kami wa Takalani Sesame: kikaragosi mwenye VVU na maamuzi yaliyomzaa

Mwaka 2002 waandaaji wa Takalani Sesame, kipindi cha watoto cha runinga ya taifa ya Afrika Kusini, walikabidhiwa kazi ambayo hakuna mtangazaji anayeiombea. Walitakiwa wazungumze kuhusu VVU na watoto wa miaka 3 hadi 7, bila kugusia ngono, bila kuwatia watoto woga, na bila kumfanya mzazi anyanyuke kuzima runinga. Hawakumleta daktari wala nesi. Walimleta mtoto wa manyoya ya rangi ya haradali, msichana wa miaka 5, yatima, anayeishi na virusi. Jina lake Kami. Alionekana hewani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 2002, kupitia SABC 2.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa sifa, na sifa anastahili. Ila ukikisoma kama mtu anayeandaa vipindi, cha kuangalia ni yale waliyoamua studio haijawashwa taa: awe nani, aliupataje ugonjwa, aseme nini, na kipi kisitajwe kabisa. Msimamo wangu ni huu: Kami alifaulu kwa sababu alitangulizwa kuwa mchezaji mwenzao, ndipo akawa somo. Na pale alipopwaya, alipwaya kwa sababu waandaaji walimkinga kupita kiasi.

Kwanza, kwa nini kikaragosi

Takalani Sesame ilianza Julai 2000, ikiwa tawi la Sesame Street ya Marekani, kwa ushirikiano wa SABC, yaani shirika la utangazaji la taifa, wizara ya elimu ya huko na fedha za USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, pamoja na kampuni ya bima ya Sanlam. Ndani ya kipindi kimoja ungesikia Kizulu, Kisotho, Kivenda, Kiingereza, mtu anaulizwa kwa lugha hii na kujibu kwa ile, kama ilivyo mitaani kwao. Kipindi kina watu halisi na kina vikaragosi, na wote wanakiendesha pamoja.

Huo mchanganyiko haukuwapo tangu siku ya kwanza. Sesame Street ilirushwa rasmi tarehe 10 Novemba 1969, lakini Julai ya mwaka huo vipindi vya majaribio vilionyeshwa kwa watoto wa Philadelphia. Wanasaikolojia walikuwa wameonya kwamba binadamu na vikaragosi wasikae katika tukio moja, mtoto asije akashindwa kutenga kweli na cha kubuni. Ushauri ukafuatwa. Mtafiti wao, Edward Palmer, alikuwa na mbinu yake: pembeni ya runinga anaweka kioo kinachoonyesha picha nyingine, zinabadilika kila baada ya sekunde chache, kisha anaandika ni wakati gani macho ya mtoto yanaikimbia runinga. Vikaragosi wakitokea, macho yanatulia. Wakibaki watu wazima peke yao mtaani, macho yanahama. Waandaaji wakaweka ushauri wa wataalamu kando, wakamshusha kikaragosi Big Bird kwenye mtaa wa kipindi, na mwenzake Oscar wakampa pipa lake la taka. Kila kipindi ambacho leo mtu na kikaragosi wanakaa meza moja kina deni kwa watoto wale wa Philadelphia waliochoshwa na wakubwa.

Lakini kuvuta macho ni nusu tu. Katika utangazaji wa wawili, mtu na kikaragosi, mkubwa hubeba maarifa na utulivu. Kikaragosi hubeba ujinga, woga na aibu. Mtangazaji akisema "msimtenge mwenzenu", hiyo ni amri ya mkubwa, na mtoto ana amri za kutosha nyumbani. Kikaragosi akikaa pembeni kainamisha kichwa wakati wenzake wanacheza, mtoto anauliza mwenyewe kuna nini. Anayemchezesha amejibanza chini, mkono mmoja ndani ya kichwa cha kikaragosi, jicho kwenye skrini ndogo anayotazamia kile kamera inachoona. Kuinamisha kile kichwa kwa digrii chache tu kunasema zaidi ya mstari mzima wa mswada. Ndiyo maana nawashangaa vituo vinavyonunua kikaragosi kizuri halafu vinampa kazi ya kuchekesha na kupiga makofi, maelezo yote yakabaki kwa dada mtangazaji.

Nchi aliyozaliwa Kami

Utafiti wa kitaifa uliotoka mwishoni mwa 2002 ulikadiria kwamba asilimia 11.4 ya Waafrika Kusini wenye umri kuanzia miaka 2 walikuwa na VVU. Kwenye kliniki za wajawazito za serikali, vipimo vya 2001 vilionyesha asilimia 24.8. Yaani mama mmoja kati ya wanne. Mtoto wa chekechea aliyekuwa hamjui mtu anayeumwa alikuwa nadra. Aliyeruhusiwa kuuliza alikuwa nadra zaidi.

Kusema kulikuwa na bei. Desemba 1998, Gugu Dlamini wa KwaMashu, karibu na Durban, alipigwa hadi kufa na kundi la watu baada ya kutangaza hadharani kwamba ana virusi. Mwaka 1997 shule ya msingi ya Johannesburg iliingia kwenye mvutano mkubwa kuhusu kumpokea Nkosi Johnson, aliyezaliwa navyo. Nkosi huyohuyo, mwenye miaka 11, alisimama Julai 2000 mbele ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban akaomba watu kama yeye wapokelewe na kutunzwa kama binadamu wengine. Kwenye mkutano huohuo Rais Thabo Mbeki aliutia shaka msimamo wa sayansi kuhusu chanzo cha ugonjwa. Nkosi alifariki tarehe 1 Juni 2001.

Kwa hiyo hata serikali ilikuwa haijakubaliana na nafsi yake. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru isambaze dawa ya nevirapine ili kuzuia mama asimwambukize mtoto. Siku chache baadaye, kwenye mkutano wa UKIMWI wa Barcelona, ndipo Sesame Workshop, shirika linalotengeneza Sesame Street, ikatangaza kwamba inakuja na kikaragosi mwenye VVU.

Jinsi walivyomjenga

Kami hana kabila wala rangi ya ngozi ya mtu. Ni zimwi dogo la manyoya, wa ukoo mmoja na Zikwe, Neno na Zuzu. Katika nchi ile na mwaka ule, hili lilikuwa jambo kubwa: mtoto halisi angesimama pale, kila mtazamaji angejua papo hapo "huu ni ugonjwa wa kina nani". Jina lake pia lilichaguliwa, limetoka kwenye neno la Kitswana la kupokelewa.

Ni mzima. Hakohoi, hajakonda, halali kitandani. Anacheka, anapenda kuvumbua mambo, ingawa mwanzoni ana haya kidogo. Mabango ya miaka ile, na ya kwetu pia mnayakumbuka, yalikuwa na fuvu la kichwa au mtu aliyebaki mifupa. Mtoto aliyelelewa na picha hizo akikutana na mwenzake darasani mwenye virusi na mwenye mashavu, anaona mambo mawili yasiyopatana. Kami alizipatanisha bila hotuba.

Mama yake alikufa kwa UKIMWI. Hapa waandaaji walikuwa na urithi wa kuegemea. Will Lee, aliyeigiza Bwana Hooper mwenye duka la Sesame Street, alifariki Desemba 1982, na timu ile ikakataa kudanganya kwamba amestaafu au amehamia mbali. Kipindi kilichorushwa tarehe 24 Novemba 1983 kilimwonyesha Big Bird akiwagawia wakubwa picha alizowachora, akishikilia ile ya Bwana Hooper, na wakubwa wakimwambia kwamba amekufa na hatarudi. Hawakutaja hospitali, uzee wala maradhi, kwa sababu mtoto anayetazama huenda kesho anapelekwa hospitali, au ana babu. Walichagua jambo moja, nalo ni kwamba aliyekufa harudi, mengine wakayaacha.

Kwa Kami mzigo ulikuwa mzito zaidi, maana yeye amefiwa na ugonjwa huohuo uliomo mwilini mwake. Mtoto mwerevu ataunganisha nukta. Ni kwa sababu hiyo afya yake haikuwa pambo. Ilikuwa jibu la swali ambalo hawakutaka liulizwe kwa sauti.

Halafu kuna uamuzi wa nne, wa namna alivyoambukizwa. Kwa mujibu wa hadithi yake, aliongezewa damu yenye virusi akiwa mtoto mchanga. Huu nitaurudia, maana ndio unaonisumbua.

Vipindi vyenyewe

Malengo ya mtaala yalikuwa ya kawaida kabisa ukiyaandika: mtoto ajue mambo ya msingi kuhusu VVU, awe mwangalifu na damu ya mwenzake, asimtenge mtu, aweze kuzungumza, ajue kuishi na ugonjwa na kufiwa. Ugumu ni kuyatia ndani ya dakika chache za mchezo.

Chukua tukio la kutengwa. Kami anakuja kwa wenzake akiwa mnyonge. Watoto wa shule hawataki kucheza naye kwa sababu ana VVU. Angalia mpangilio. Unyanyapaa wenyewe hauonyeshwi. Hakuna mtoto mbaya kwenye skrini anayemwambia "toka hapa", na nadhani hilo lilipimwa sana, kwa kuwa watoto wa umri ule huiga tendo na kusahau onyo. Tunauona uchungu uliobaki baada ya tendo, kisha tunawaona marafiki wakimkumbatia na mkubwa akieleza kwamba VVU haviambukizwi kwa kushikana wala kucheza. Kukumbatiana ndiko kunakobeba somo. Manyoya yanagusana, mtu anagusa manyoya, mtoto anaona hakuna lililotokea.

Suala la damu ni gumu zaidi, kwani linaelekea kulifuta hilo la kwanza: cheza naye, mguse, lakini damu yake usiiguse. Ukilisema vibaya, umemrudisha Kami pembeni. Njia iliyopo ni kulifanya la watu wote, damu ya yeyote yule, ukiiona mwite mkubwa. Kanuni ikiwa ya kila mtu haimnyooshei mmoja kidole. Walimu wengi wa chekechea mpaka leo wanaikosa hatua hii. Wanaweka glavu kwenye kabati kwa ajili ya "yule mtoto".

Na kuna kisanduku cha kumbukumbu, ambamo Kami ameweka vitu vya kumkumbusha mama yake. Hiki hakikubuniwa studio. Familia zilizokuwa zinauguza zilikuwa tayari zinafanya hivyo Afrika Kusini, na Uganda kina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU, walikuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu tangu miaka ya 1990: ulizaliwa wapi, babu yako nani, mimi nilipenda nini. Kipindi kilichukua desturi iliyokuwa ya watu waliofiwa kikaipa heshima ya kuonekana kwenye runinga. Mtoto mwenye kisanduku chini ya kitanda akamwona Kami naye anacho.

Dhoruba ya Washington

Habari za Barcelona zilipofika Marekani zilifika zimepinda, watu wakadhani kikaragosi huyo anakuja kwenye Sesame Street yao. Billy Tauzin, mbunge wa Republican kutoka Louisiana na mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayohusika na utangazaji, pamoja na wabunge wenzake wachache, wakamwandikia Pat Mitchell, aliyekuwa rais wa PBS, shirika la runinga ya umma lililokuwa likirusha Sesame Street, barua ya kuhoji mpango huo na kukumbushia kwamba shirika linatumia fedha za umma. Jibu likawa kwamba hakuna mpango wa kumleta Kami Marekani. Mambo yakapoa.

Kinachochekesha, kama kinachekesha, ni kwamba serikali hiyohiyo kupitia USAID ndiyo iliyokuwa ikichangia Takalani. Kwa mtoto wa Soweto alifaa, kwa wa Louisiana hapana. Lakini tusiwacheke peke yao. Swali la wale wabunge, kwamba mtoto wa miaka 4 anahitaji kuyajua haya ya nini, ndilo swali la mzazi wa Mbagala na wa Kisauni pia. Jibu linategemea unaishi wapi. Mahali ambapo mtoto wa miaka 4 anamfulia mama nguo na kumletea maji kitandani, suala la kumficha limeshapitwa na wakati.

Damu iliyoongezwa

Sasa lile la kuambukizwa. Watoto walio wengi mno wenye VVU, zaidi ya asilimia 90, huvipata kwa mama: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Nkosi Johnson alivipata hivyo. Hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Julai 2002 ilihusu hilo na si jingine. Mwaka huohuo, mtoto maarufu zaidi mwenye VVU kwenye runinga ya nchi hiyo akapewa asili isiyowahusu wenzake wengi.

Sababu naielewa. Ukisema "alizaliwa navyo", swali linalofuata ni "mama alivipata wapi", na hapo umefika kwenye ngono saa za katuni. Damu ya hospitali haina mwenye kosa. Mzazi anaweza kuieleza kwa sentensi moja akaendelea kukoroga uji. Ingekuwa mimi kwenye kile chumba mwaka 2002, serikali ikiwa bado inabishana na madaktari, huenda ningenyoosha mkono kuiunga mkono.

Ila tuseme wazi ilichogharimu. Kwanza, hadithi ilibaki na mshono unaoonekana: mama kafa kwa UKIMWI, mtoto kavipata hospitali, na uhusiano kati ya hayo mawili hautajwi. Pili, na hili ndilo zito, ukimchagulia mtoto njia isiyo na lawama unakiri chinichini kwamba zile nyingine zina lawama. Mtoto aliyezaliwa navyo, anayemtazama Kami, anaweza kuuliza kwa nini yeye hakuvipata "vizuri" kama Kami. Mama yake, aliyeketi nyuma yake, anausikia huo ukimya hata zaidi. Kulikuwa na mlango wa tatu: kusema tu kwamba Kami ana VVU mwilini, basi, kama Bwana Hooper alivyokufa bila kutajiwa maradhi. Watoto wa miaka 5 hawadai historia ya kila kitu. Wakubwa ndio wanaodai, na nadhani ni kwa ajili ya wakubwa kwamba ile damu iliongezwa.

Pengo lingine ni dawa. Mwaka 2002 hospitali za umma za Afrika Kusini zilikuwa hazitoi ARV kwa wagonjwa kwa ujumla. Mpango wa serikali ulianza 2004. Kwa hiyo uzima wa Kami ulikuwa kweli kwa maana ya kwamba mtu huweza kukaa na virusi miaka bila dalili, lakini haukuwa na maelezo ya kesho yake. Hapa siwalaumu waandaaji. Ungeandika vipi tukio la mtoto anameza dawa ambazo watoto wanaokutazama hawazipati?

Baada ya hapo

Novemba 2003 UNICEF ilimtangaza Kami kuwa balozi wa watoto. Mwaka 2006 alitokea kwenye tangazo pamoja na Bill Clinton, na baadaye akaonekana Nigeria katika Sesame Square. SABC ilirusha pia kipindi maalumu kwa wazazi cha kuwahimiza wazungumze na watoto wao, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko picha na marais, kwa sababu kikaragosi akizua swali saa tisa alasiri lazima kuwe na mtu wa kulijibu saa mbili usiku.

Je, vipindi vya aina hii vinafanya kazi? Ushahidi ulio karibu nasi ni wa Tanzania, wa Kilimani Sesame, iliyotolewa kwa Kiswahili kwa runinga, redio na vitabu, ikigusa malaria, usafi na VVU miongoni mwa mengine. Watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 200 wa umri wa chekechea kwa wiki kadhaa, na waliokishika kipindi zaidi walipiga hatua zaidi, katika kusoma na hesabu na pia katika maarifa ya afya. Haithibitishi kwamba mtoto aliacha kumtenga jirani. Kujua na kutenda ni wilaya mbili tofauti.

Na kutenga kulikuwepo kwetu pia, msidhani ni habari za kusini. Kituo cha Nyumbani cha Nairobi, kinacholea watoto yatima wenye VVU, kililazimika kwenda mahakamani kwa sababu shule za msingi za umma zilikuwa zinawakatalia watoto wake nafasi. Mapema 2004 serikali ya Kenya ikakubali wapokelewe. Hiyo ni zaidi ya mwaka baada ya Kami kuingia hewani.

Mtu akiniuliza leo, kipindi chake cha Kiswahili kimchukue Kami jinsi alivyo, ningesema achukue mwili na aache faili la hospitali. Mtoto wa sasa mwenye VVU hali yake ni nyingine. Mama yake mara nyingi yuko hai na anatumia dawa. Yeye mwenyewe anatumia dawa za kufubaza kila siku. Zamani ilikuwa ile dawa ya maji chungu ambayo kila mama ana mbinu yake ya kuificha kwenye uji au juisi, na siku hizi kuna dolutegravir ya watoto, kidonge kinachoyeyushwa kwenye maji, chenye ladha ya stroberi. Kutengwa bado kupo, ila tatizo la kila asubuhi ni jingine: mtoto anauliza "hii dawa ya nini?", na nyumba nyingi humjibu "ya kifua". Anajibiwa hivyo akiwa na miaka 4, na 7, na 9, ingawa WHO inashauri mtoto wa umri wa shule aambiwe hali yake kwa hatua, kwa kadiri anavyoweza kuelewa.

Huo ndio mswada ambao ningeuandika. Kikaragosi ameshika kikombe, kidonge kimeyeyuka, anamgeukia mtangazaji mwenzake mbele ya kamera na kumwuliza swali hilo. Mtangazaji hatakiwi kusema "ya kifua". Kazi yote ya kikao cha waandishi ni kumpatia jibu la sentensi mbili ambalo bibi wa Korogwe anaweza kulirudia jioni bila kushusha sauti.